Kuchagua SSD ya Gemu Ukiwa Chiola

Pesa ya korosho ikishaingia benki baada ya minada ya RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, kila shilingi huwa imeshapangiwa kazi: mabati, ada za shule, madeni ya dukani, pembejeo za msimu ujao. Kijana anayebakiza kiasi cha kuboresha kompyuta yake ya gemu hana fedha ya kununua kitu kilekile mara mbili. Na Chiola, wilayani Nachingwea, hakuna duka la kwenda kushika SSD tano mkononi na kuchagua moja. Ukishuka Nachingwea mjini au Ruangwa utampata fundi mwenye moja au mbili kwenye droo. Zilizobaki zipo Kariakoo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, na zitakuja kwa basi. Ikija isiyofaa utalipia mzigo kuirudisha, kisha utaanza kusubiri upya.

Ndiyo maana nakuomba uanze na mashine yako kabla hujamsikiliza muuzaji. Ile namba kubwa ya kasi iliyochapwa kwenye boksi inakuja nyuma kabisa. La kwanza ni tundu lililopo ndani ya kompyuta yako, la pili ni kama kifaa ni halisi, la tatu ni ukubwa wake. Mwenye kuyajua hayo matatu hapotezi hela, hata akinunua SSD isiyo na jina la kutisha.

Je, diski ndiyo inayokuchelewesha?

Fungua gemu inayokusumbua, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager itafunguka. Tazama safu ya diski: ikiwa imeng'ang'ania asilimia 100 huku prosesa imetulia, umempata mchawi.

Kompyuta nyingi za mezani tunazochezea huku zilianza maisha ofisini, Ulaya au Uarabuni, zikaja kwetu kama mtumba zikiwa na diski ngumu ya kuzunguka. Ndani ya diski hiyo mna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na mkono mdogo unaohama huku na kule kutafuta data. Kila mhamo unakula kama milisekunde 10. Gemu ikitaka maelfu ya vipande vidogo vilivyotawanyika, mkono huo unahemea kutwa. SSD haina kinachozunguka wala kinachohama. Inafikia kipande chochote kwa muda usiofika hata milisekunde moja. Tofauti unayoiona kwa macho, ya Windows kuwaka upesi na ramani ya gemu kufunguka kabla hujachoka, inatoka hapo. Na hata SSD ya bei ya chini, mradi iwe halisi, inakupa sehemu kubwa ya tofauti hiyo.

Kuna vitu ambavyo haitakupa. Haitaongeza idadi ya picha kwa sekunde. Hiyo ni kazi ya kadi ya grafiki na prosesa. Katika gemu zenye dunia pana kama GTA V itaondoa ile hali ya barabara na majengo kuchelewa kutokea ukiendesha kwa kasi, lakini kama kadi yako ni dhaifu itabaki dhaifu. Tazama pia RAM. Mashine yenye GB 4 inapozidiwa huanza kutumia diski kama RAM ya kuazima, na diski inaonekana ina kosa ilhali kosa liko kwingine. Kwa mashine ya namna hiyo, gawanya fedha: RAM kwanza, SSD ndogo pili.

Na wakati mwingine kosa ni la gemu yenyewe. Kwa miaka mingi wachezaji wa GTA Online walisubiri dakika kadhaa kabla ya kuingia, wengi wakiilaumu diski. Mapema 2021 mchezaji mmoja mwenye ujuzi wa programu alichunguza na kukuta prosesa inapoteza muda kusoma orodha ndefu ya bidhaa kwa njia mbovu. Alipoirekebisha kwenye mashine yake, muda wa kusubiri ulipungua kwa karibu asilimia 70. Rockstar, wenye gemu hiyo, walikiri, wakamlipa dola 10,000, na marekebisho yakatoka Machi mwaka huo. Aliyekuwa amenunua SSD ghali kwa ajili ya tatizo hilo peke yake hakupata alichokifuata.

Tundu kwanza

Hapa ndipo watu wengi huangukia, kwa hiyo twende polepole.

SSD za ndani utakazokutana nazo ni za namna tatu. Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5, bapa kama daftari dogo, inayotumia waya mmoja wa data na mwingine wa umeme. Ya pili na ya tatu zinafanana kwa sura: vibao vyembamba vya M.2, upana milimita 22, vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi bila waya. Ila kimoja kinazungumza SATA na kingine kinazungumza NVMe, na tundu linaloelewa lugha moja si lazima lielewe nyingine. Muuzaji akikwambia tu "hii ni M.2", bado hajakwambia kitu. Muulize ni SATA au NVMe. Ukiwa nayo mkononi, tazama meno yake: yenye mkato mmoja kwa kawaida ni NVMe, yenye mikato miwili mara nyingi ni SATA. Maandishi kwenye lebo ndiyo ya kuamini zaidi.

Kisha urefu. Namba 2280 maana yake ni upana milimita 22, urefu milimita 80. Zipo pia 2242 na 2230, fupi, hasa kwenye laptopu. Ndefu haiingii kwenye nafasi fupi, na fupi kwenye nafasi ndefu inaweza kukosa mahali pa kufungia skrubu.

Utajuaje tundu lako? Bonyeza kitufe cha Windows, andika msinfo32, uone jina kamili la modeli. Kisha fungua kasha uangalie kwa macho, upige na picha. Kwa mashine za ofisini kuna mwongozo wa kufaa. Zenye prosesa za Intel za kizazi cha 3 na cha 4, mfano Dell OptiPlex 7010 ya 2012 au HP EliteDesk 800 G1, kwa kawaida hazina tundu la M.2 la SSD. Kuanzia kizazi cha 6, kilichotoka 2015, tundu hilo likaanza kuwa jambo la kawaida kwenye mashine hizo, ingawa si kwenye kila modeli. Jihadhari na kitundu kifupi cha M.2 kilichowekwa kwa ajili ya kadi ya Wi-Fi. Kinafanana, lakini SSD yako haina kazi hapo.

Kama mashine yako ni ya kundi la kwanza, nunua SATA ya inchi 2.5 na usione haya. Muuzaji anaweza kukushawishi uchukue NVMe pamoja na kadi ya kuichomeka kwenye tundu la PCIe. Inawezekana, na gemu zitahifadhiwa humo vizuri, lakini mashine nyingi za umri huo hazijui kuwasha Windows kutoka kwenye NVMe. Juu ya hayo, tundu hilo la PCIe huenda tayari limekaliwa na kadi yako ya grafiki.

Wenye vibanda vya gemu na PlayStation 4 nao wananufaika na SATA ya inchi 2.5: diski ya ndani ya PS4 inabadilishwa kwa bisibisi, na SSD inaingia bila ubishi. PlayStation 5 ni habari nyingine. Nafasi yake ya nyongeza inataka NVMe ya PCIe 4.0, na Sony wanapendekeza kasi ya kusoma ya megabaiti 5,500 kwa sekunde au zaidi.

Kasi inayoonekana na kasi ya kwenye boksi

SATA ya kizazi cha tatu inaishia kama megabaiti 550 kwa sekunde, hata kiwanda kijitahidi vipi. Njia yenyewe imefika mwisho. NVMe ya PCIe 3.0 inafika kama 3,500. Ya PCIe 4.0 inazidi 7,000. Za PCIe 5.0, zilizoanza kuuzwa 2023, bora zake zinakaribia au kuvuka 14,000. Diski ngumu ya zamani, kwa kulinganisha, inasoma kati ya 100 na 200 ikiwa katika hali njema.

Ukizitazama namba hizo utadhani kutoka SATA kwenda PCIe 5.0 gemu itafunguka mara 25 kwa upesi. Haiwi hivyo. Gemu inapofunguka, data ikishasomwa inapaswa kufunguliwa kutoka kwenye ukandamizo, kupangwa, kupelekwa kwenye kadi ya grafiki, na hizo ni kazi za prosesa. Chukua Forspoken, iliyotoka Januari 2023, gemu ya kwanza ya kompyuta kutumia DirectStorage, njia ya Microsoft iliyobuniwa mahsusi ili gemu zinufaike na NVMe. Watengenezaji wake walipoonyesha vipimo vyao 2022, sehemu iliyofunguka kwa sekunde kama 2 kwenye NVMe ilichukua chini ya sekunde 5 kwenye SSD ya SATA, na zaidi ya sekunde 20 kwenye diski ngumu. Na hiyo ni gemu iliyotengenezwa kuipendelea NVMe. Kuruka kutoka diski ngumu kwenda SATA kuliokoa sekunde 15 na zaidi. Kutoka SATA kwenda NVMe, zisizozidi tatu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Mashine yenye tundu la NVMe, nunua NVMe, kwa sababu tofauti ya bei na SATA huwa ndogo na haina waya wa kuhangaika nao. Tundu likiwa la PCIe 3.0, unaweza kuweka SSD ya PCIe 4.0, itafanya kazi kwa mwendo wa tundu, na siku ukihamia mashine mpya utaichomoa uende nayo. Ila usiongeze fedha kwa ajili ya mwendo ambao tundu lako haliwezi. PCIe 5.0 kwa mchezaji wa huku ni hasara tupu: ni ghali, inachemka, na gemu hazijajua kuitumia.

Neno "Gen 4" kwenye boksi nalo lisikupumbaze. Kingston NV2 imeandikwa PCIe 4.0, lakini kasi ya kusoma ambayo kiwanda chenyewe kinaitaja ni megabaiti 3,500, sawa na nyingi za PCIe 3.0. WD Black SN850X ya PCIe 4.0 hiyohiyo inatajiwa 7,300. Soma namba, si kizazi. Kwa mashine yenye tundu la PCIe 3.0 hizo mbili zitasoma kwa kasi inayokaribiana, na hapo ya bei nafuu inakuwa chaguo la akili.

Ukubwa, maana bando si la mchezo

Kama kuna mahali pa kuongeza fedha, ni hapa. EA Sports FC 25 inadai GB 100. Baldur's Gate 3 inadai 150, tena watengenezaji wake wanasema lazima ziwe za SSD. Toleo jipya la GTA V la 2025 nalo linataka SSD na nafasi inayozidi GB 100. SSD ya GB 256, ukishaweka Windows, inabeba gemu moja kubwa na kuanza kulalamika.

Mtu wa mjini mwenye faiba nyumbani anafuta gemu leo na kuipakua tena kesho. Sisi tunaopakua kwa bando la simu hatuna anasa hiyo. Gemu uliyoifuta ni GB 100 za kununua upya, na usiku kucha wa kuomba mnara usizime. Kwa mazingira yetu nafasi ina thamani kuliko kasi. Kati ya GB 500 yenye kasi ya ajabu na TB 1 ya kasi ya wastani, zote halisi na bei zikikaribiana, chukua TB 1 bila kufikiri mara mbili. Kiwango cha chini ninachoweza kukushauri kwa gemu ni GB 480 au 500, ukiibakiza diski ngumu ya zamani ndani ya kasha kwa gemu nyepesi, filamu na picha.

Usishtuke TB 1 ikisomeka 931 kwenye Windows, au 500 ikisomeka 465. Hujaibiwa, kiwanda kinahesabu kwa makumi na Windows inahesabu kwa njia yake. Acha asilimia 10 hadi 20 ya nafasi ikiwa wazi, kwa sababu SSD iliyojaa pomoni hukosa pa kupangia data na kasi yake ya kuandika hushuka.

Kama rafiki yako wa Nachingwea ana gemu hiyohiyo kwenye Steam, msinunue bando wawili. Tangu 2023 Steam inaruhusu kompyuta mbili zilizo kwenye mtandao mmoja wa ndani kupitishiana gemu bila kuipakua upya kutoka nje. Ruta ndogo na mchana mmoja vinatosha.

Kilichomo ndani ya kibao

Memori ya SSD inahifadhi data kwenye seli. Zinazoitwa TLC huweka biti tatu kwa kila seli, QLC nne. QLC ni rahisi kutengeneza kwa wingi, kwa hiyo bei yake iko chini, lakini inaandika polepole na inachoka mapema zaidi. Ili isionekane, kiwanda hutenga sehemu inayopokea data kwa kasi kubwa kwanza. Sehemu hiyo ikijaa katikati ya kunakili gemu kubwa, baadhi ya QLC za bei ya chini hushuka hadi megabaiti 100 kwa sekunde, kama diski ngumu.

Je, hilo litakuumiza? Fikiri jinsi gemu zinavyotufikia: mara nyingi kwenye diski ya nje ya rafiki, kwa USB. Diski hiyo yenyewe haitoi zaidi ya megabaiti 100 na kitu kwa sekunde, na kupitia USB 2.0 haifiki 40. Chanzo chenyewe ni cha polepole, kwa hiyo kushuka huko hutakuona sana. Katika kusoma, ambako ndiko gemu inakoishi, QLC inafanya kazi vizuri. Nitachagua TLC kila zinapokaribiana bei, hasa kama ni SSD pekee yenye Windows na gemu pamoja. Lakini sitamcheka aliyechukua QLC ya TB 1 kwa bei ya TLC ya GB 500.

Uchakavu nao unaogopwa kupita kiasi. Viwanda hutaja kiasi cha data kinachoweza kuandikwa kabla ya dhamana kuisha. Samsung 990 Pro ya TB 1 imepewa terabaiti 600, Kingston NV2 ya TB 1 imepewa 320, Crucial P3 ya TB 1, ambayo ni QLC, 220. Ukiandika GB 50 kila siku ya Mungu, jambo ambalo bando lako halitaruhusu, hiyo ya 220 itachukua miaka 12. Hutaimaliza kwa gemu.

Bandia, na mtumba mzuri

Hatari kubwa kwako ni SSD ya bandia. Sura yake ni ya kweli, lebo inang'aa, na Windows inaisoma kuwa TB 2 au 4. Ndani mna chipu ndogo ya flashi iliyofundishwa kudanganya ukubwa wake. Utanakili gemu, itaonekana imeingia, na ukizidi uwezo wake halisi data mpya inafuta ya zamani. Siku ya kuifungua gemu utakuta faili zimeharibika, na muuzaji hapokei simu.

Dalili zipo. Bei iliyo chini mno kuliko maduka mengine yote kwa ukubwa uleule. Jina lisilopo: SSD zilizoandikwa "Samsung 1080 PRO" zimeuzwa duniani, lakini Samsung haijawahi kutoa kitu hicho, wana 970, 980, 990 na 9100. Kasha la inchi 2.5 jepesi kama ganda tupu. Na muuzaji asiyetaka kukutumia picha ya lebo ya nyuma yenye namba ya bidhaa.

Kabla ya kutuma pesa omba picha mbili zilizopigwa hapohapo dukani: lebo yote, na skrini ya CrystalDiskInfo ikiisoma SSD hiyo. Programu hiyo ya bure inaonyesha afya ya kifaa kwa asilimia, saa kilizofanya kazi, data iliyokwisha kuandikwa na aina ya njia inayotumia. SSD inayouzwa kama mpya haiwezi kuwa na saa 4,000. Ikikufikia, endesha H2testw, nayo ya bure, ijaze SSD nzima na kuisoma tena. Itachukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi. Bandia haipiti mtihani huo. Ufanye kabla hujaweka chochote, na kabla siku za kurudisha hazijaisha.

Sasa niseme jambo ambalo wengi hawalitarajii: mtumba unaweza kuwa salama kuliko mpya wa mashaka. Laptopu za ofisini zinapovunjwa, SSD zake huuzwa peke yake, za GB 256 na 512, zenye majina yasiyoonekana kwenye matangazo: Samsung PM981, WD SN530, na nyingine za SK hynix au Kioxia. Hizi zilitoka kiwandani moja kwa moja kwenda kwa watengenezaji wa laptopu. PM981, kwa mfano, ni ndugu wa 970 EVO iliyouzwa madukani. Ikiwa na afya ya asilimia 90 na zaidi, ni kifaa cha kweli kwa bei ya kuvumilika. Angalia urefu tu, kwa sababu SN530 ilitoka pia katika vipimo vifupi. Dhamana haina, kwa hiyo bei yake ikikaribia ya mpya, achana nayo.

Kuagiza

Patana kwa maandishi ya WhatsApp, hata kama mmeongea kwa simu. Yawe humo: jina kamili la modeli, ukubwa, SATA au NVMe, urefu, mpya au mtumba, na siku ngapi za kurudisha. Maandishi hayo na risiti ndiyo ushahidi wako. Namba ya kulipia ioneshe jina la biashara uliyoambiwa. Kama una ndugu Dar es Salaam, mwombe apite dukani akague na kuipokea. Soda utakayomnunulia ni nafuu kuliko hasara.

Omba SSD ifungwe kwenye boksi gumu, si bahasha, na nakala ya risiti ya mzigo wa basi itumwe siku hiyohiyo. Wakati wa masika weka nafasi ya kuchelewa. Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi eneo la Somanga, na mizigo ya kusini ikalala njiani. Siku saba za kurudisha zinaweza kuisha boksi likiwa bado Kilwa, kwa hiyo patana zihesabiwe tangu siku ya kupokea.

Agiza na skrubu. Tundu la M.2 linafunga kibao kwa skrubu ndogo ya kipenyo cha milimita 2, na kwenye mashine za mtumba skrubu hiyo mara nyingi imeshapotea. Haina bei ya maana Kariakoo, lakini ukiikosa hapa utaishia kufunga kwa gundi ya karatasi. Kwa SATA uliza waya wa data. Ukiukosa kabisa, chukua waya za kisoma DVD, ambacho huenda hukigusi tena.

Joto, umeme na radi

NVMe ikichemka hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue, na nyingi hufanya hivyo zikipita nyuzi 70 na kitu. Chumba chenye paa la bati, saa nane mchana wa Novemba, kinaisogeza huko mapema. Kipande cha alumini cha kupoza joto kilicholala juu ya SSD kinasaidia sana na si ghali. Puliza vumbi kwenye kasha mara kwa mara, na kompyuta isikae imebanwa ukutani.

Umeme unaokatika ghafla ni shida ya kila mchezaji wa huku. SSD za kawaida hazina akiba ya chaji ya kumalizia kilichokuwa kikiandikwa, kwa hiyo umeme ukiondoka katikati ya kusasisha gemu au Windows, faili zinaweza kuharibika. UPS ndogo inayokupa dakika tano za kuzima kwa utaratibu ina faida kuliko kuongeza megabaiti 3,000 za kasi. Ukikosa fedha za UPS, usisasishe gemu nyakati ambazo umeme hucheza, na washa hifadhi ya Steam ya mtandaoni ili maendeleo yako ya mchezo yawe na nakala. Radi zikianza, chomoa plagi ukutani. Kuzima kwa swichi hakutoshi.

Siku ya kuifunga

Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe, gusa bati la kasha kwanza. Kibao cha M.2 kinaingia kikiwa kimeinama kidogo, kisha unakilaza na kukifunga kwa skrubu. Kisilazimishwe.

Ukiwasha usiione kwenye orodha ya diski, usikimbilie kumpigia muuzaji. SSD mpya kabisa haionekani hadi iandaliwe: bofya kulia kitufe cha Windows, fungua Disk Management, chagua GPT, kisha itengenezee sehemu. Ikiwa hata BIOS haiioni, hapo ndipo uanze kushuku tundu au kifaa.

Kwa mashine iliyokuwa imechoka, mimi napendelea kuweka Windows upya kwenye SSD kwa flashi ya GB 8 kuliko kunakili ile ya zamani na uchafu wake wote. Kama Windows yako ni ya halali, leseni yake kwa kawaida imefungamana na mazabodi na itajitambua. Kumbuka Windows 10 iliacha kupata msaada wa kawaida wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8.

Diski ngumu uliyoichomoa usiitupe. Ikaguliwe kwa CrystalDiskInfo. Ikiwa nzima, irudishe ndani kama ghala au inunulie kasha la USB iwe ya nje. Picha za harusi na vyeti vya shule viweke humo, kwa sababu SSD iliyochakaa ikikaa muda mrefu bila umeme huanza kupoteza chaji na data. Kiwango cha viwanda kwa SSD ya kawaida iliyofika mwisho wa uchakavu wake ni mwaka mmoja tu kwenye nyuzi 30, na vyumba vyetu huzidi hapo. Na kama utaiuza diski hiyo kwa fundi, ifute yote kwanza, kwa kuandika juu ya data nzima. Kufuta mafaili na kumwaga kapu la taka kunaacha kila kitu mahali pake, na mnunuzi mwenye programu ya bure atakisoma.